Neno Lililomezwa Kati ya Vipande Viwili

Wiyoni, baada ya alasiri

Mwanangu Rahma,

Ukiisoma barua hii utakuwa umeshanitafuta gatini na hukuniona. Asubuhi nitakuwa nimekwambia miguu inaniuma. Inauma kweli, mwaka mzima huu inauma, lakini siyo iliyonizuia. Nimebaki nyumbani kwa sababu Bi Amina ameniambia hataki kuuona uso wangu, na Bi Amina ndiye aliyekaa ubavuni mwako sasa hivi ndani ya basi, mkishavuka na boti. Ilikuwa ama mimi nije kukuaga, ama yeye asafiri. Nikaona bora asafiri. Yote yaliyobaki humu ni ya kukueleza kwa nini mamako amekuacha uondoke hivyo.

Usiisome kwa sauti. Ngoja alale. Bi Amina akipanda gari hulala upesi, mdomo wazi, utamwona mwenyewe.

Naandika sasa maana umekwenda Kipungani kumuaga bibi yako na nyumba imenyamaza. Shangazi zako wameshakwambia ya chakula, ya maji ya kunywa, ya kufunga mlango, ya kutotoa simu barabarani. Wamesema mpaka nikachoka kwa niaba yako. Sina la kuongeza hapo. Nilicho nacho ni kosa moja la zamani, nimelikalia miaka kumi, na nimechoka kulikalia.

Kazi yangu umeiona tangu una akili, lakini naona hukuwahi kuambiwa ilivyo ngumu. Mji mzima waniita Bi Kanda, ijapokuwa kanda zenyewe ziliisha kabla hujaanza shule. Napiga video upande wa wanawake. Siku ya kupamba bibi harusi, wanawake wakishaingia ndani huvua mabuibui, na hapo hapana simu inayotolewa mkobani, hapana mwanamume anayepita hata mlangoni, na kamera ni moja tu, yangu. Wananiachia nywele zao, shingo zao, wanavyocheza. Ndiyo sababu sikuweza kamwe kupeleka kazi yangu kwa mafundi wa studio. Mafundi wote walikuwa wanaume. Kila kitu nilijifundisha mwenyewe juu ya meza ile ya kushonea, huku wewe unalala chini yake.

Na kulikuwa na sharti jingine, nililiweka mimi mwenyewe ili watu waniamini. Nikimaliza, nilikuwa nachukua diski pamoja na kadi ya kamera, nakwenda navyo kwa mama wa bibi harusi, na kadi naifuta mbele ya macho yake. Kwenye kompyuta nimeshafuta kabla sijatoka nyumbani. Hapo hana tena wasiwasi kuwa mahali fulani pamebaki picha ya mwanawe. Wanawake walinipenda kwa hilo kuliko kwa picha zenyewe, maana picha zangu nyingine, tuseme ukweli, zilikuwa za visogo.

Sharti la tatu halikusemwa, lakini kila mtu alilijua. Kwenye vugo, ile ngoma yetu ya pembe, wanawake hupigana vijembe. Pembe zinagongwa, mmoja anaimba fumbo, mwenziwe anajibu, na wengine wanajua ni la nani. Siku ile watu wanacheka. Kanda ikishafika nyumbani, inachoma. Basi nilikuwa nakata. Mama wa harusi hana haja ya kuniambia. Akiona mahali pameruka au pamenyamaza, anajua Bi Kanda amemsitiri. Mlijue hili vizuri, wewe na yeyote utakayemsimulia, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Sasa kamera. Ile ya kanda ilipokufa nikanunua ya kadi, nikafurahi nayo sana. Ila ilikuwa na tabia moja. Ukirekodi kwa muda mrefu haikupi faili moja. Kila baada ya dakika ishirini na kitu inafunga kipande na kufungua kingine, bila kukwambia, wewe umesimama tu unapiga. Harusi ya saa tatu inatoka vipande vinane au tisa. Ukifika nyumbani ni kazi yako kuviunga. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye kadi, nachukua faili kubwa kubwa, zile ndogo ndogo zilizokaa pembeni naziacha nikidhani ni takataka za kamera. Kisha nageuza kila kipande peke yake kiwe cha kuingia kwenye diski, na mwisho navipanga vifuatane. Picha ilikwenda sawa. Sauti, pale kipande kinapokwisha na kingine kuanza, ilikuwa inazima kidogo na kurudi. Haifiki sekunde mbili. Nilikuwa naisikia na kuiacha. Katika kelele za vugo na vigelegele, nani angejali?

Bi Amina alimwoza binti yake mwaka ule wewe ulipotimiza miaka tisa. Mwenyewe ana dada mmoja tu, Bi Swafiya, huyo unayekwenda kukaa kwake Mombasa. Walikuwa hawasemezani. Mama yao aliugua miaka miwili, Amina akamuuguza peke yake, akamgeuza, akamwosha, na Swafiya hakuja hata mara moja mpaka siku ya mazishi. Kwa nini hakuja sikuuliza na sijui. Matangani palitoka maneno, na tangu siku hiyo kila mmoja akawa na Idi yake.

Basi siku ya kupamba Swafiya akaingia. Hakuna aliyemtarajia. Amina alikuwa chumba cha ndani na bibi harusi, anamvisha, hakumwona. Kabla hajatoka, stima ikazima. Spika zikafa, watu wakaguna, wapiga vugo wakaona hiyo ndiyo nafasi yao, wakazigonga pembe mpaka ukuta ukaitika. Swafiya akanijia moja kwa moja, akainama karibu na sikio langu.

"Hiyo kamera yashika?"

"Yashika, Bi. Yatumia betri."

"Basi nishike mimi. Ana kwa ana siwezi. Taangalia humu, naye ataniona akitia kanda."

Nikamshika. Nilikuwa nimevaa hedifoni, kwa hivyo katika nyumba nzima aliyemsikia ni mimi peke yangu. Wengine waliona midomo tu. Alitazama kamera, akasema, "Amina, nduu yangu, mbele ya wanawake wote hawa, nakuomba radhi." Kisha akasema, "Basi." Akafuta uso kwa ncha ya leso, akatoka, na boti ya jioni akaondoka nayo.

Mimi nililia nyuma ya kamera. Nakwambia hili ili usidhani sikuelewa nilichobebeshwa. Nilielewa vizuri sana.

Wiki ile nilikuwa na harusi tatu. Nilikuwa nalala saa nne kwa siku, babako yuko Ras Kitau na boti ya wageni, wewe una surua. Nikaviunga vipande vya Bi Amina nikisinzia. Sikuitazama kanda mpaka mwisho. Hilo ndilo kosa lenyewe, halina ukubwa wa kutisha, ni uvivu wa mtu aliyechoka. Nikafuta kompyuta. Nikachukua diski na kadi, nikaenda kwa Bi Amina, tukakaa kitandani kwake, nikafuta kadi mbele yake. Akasema ahsante. Ndipo tukatia diski tutazame pamoja.

Tukafika pale. Dada yake akatokea kwenye skrini, na Bi Amina akashika mkono wangu. "Amina, nduu yangu, mbele ya wanawake wote hawa." Kisha kimya. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Kisha, "Basi."

Kipande cha tatu kiliishia pale na cha nne kikaanzia pale. Katika saa tatu za kelele, palikatika hapo.

Saa moja na kitu nyuma neno lilikuwa ndani ya kadi, na kadi ilikuwa mkononi mwangu. Nilifungua mdomo nimwambie. Bi Amina akanitangulia.

"Umekata."

Nikamtazama.

"Alinitukana mbele ya watu, nawe umekata. Umenisitiri." Akanibusu mkono. "Mungu akusitiri nawe."

Ungekuwa wewe ungesema, najua. Wewe tangu mdogo ukivunja kikombe unakuja na vipande mkononi. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nitasema kesho, nikipata namna. Kulikuwa na msichana wa Langoni ameanza kupiga video, ana kamera mpya kuliko yangu, na nikaona habari ikitoka kuwa Bi Kanda ameharibu kanda ya fulani, basi nimekwisha. Hiyo ni sababu moja. Nyingine inanitia haya zaidi: nilipenda kushukuriwa. Nilikuwa nimekuja na kazi mbovu, nikaondoka na sifa ya kuwa mwanamke wa siri. Ilikuwa tamu, Rahma. Nisikufiche.

Baada ya siku chache Bi Swafiya akapiga simu kutoka Mombasa.

"Ameiona?"

"Ameiona, Bi."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

Nikasikia anavuta pumzi. "Haya. Ni haki yake." Akakata. Hapo sikusema uongo hata neno moja, na mpaka leo sijui uongo mwingine wangu unaoshinda ule.

Tangu hapo kila Idi hunipigia. Haulizi la kanda tena. Huuliza tu, "Amina hajambo?" Namwambia hajambo. Na kila Ramadhani Bi Amina hutuletea ile sahani ya kaimati, wewe ndiye uliyekuwa ukikimbilia mlangoni kuipokea. Ulikuwa ukinishangaa kwa nini mimi sizili. Nilikwambia zina sukari nyingi. Ilikuwa ahsante, mwanangu, kila mwaka ahsante kwa jambo ambalo sikulifanya, na nyinyi mkizila hata shira ya chini ya sahani mkiilamba.

Wakumbuka nilivyokukalisha mbele ya kamera nikakwambia uhesabu? Ulidhani ni mchezo. Ilikuwa miezi miwili baada ya harusi ile, jua la mchana, milango imefungwa. Nilikuwa siwezi tena kukaa bila kujua nani alilimeza lile neno, kamera au mimi. Nikaweka kamera juu ya cherehani, nikakwambia hesabu polepole kwa sauti, usisimame mpaka nikwambie. Ulifika mia tatu ukaomba maji. Ulifika mia sita ukaanza kuzihesabu kwa kuimba. Ulipopita elfu moja ulikuwa umejilaza kwenye kiti huku mdomo bado unahesabu. Kamera ikafunga kipande na kufungua kingine, nikaona nambari ndogo imebadilika pembeni ya kioo.

Nikaviunga kwa njia yangu ya siku zote. Elfu moja mia moja na sita, elfu moja mia moja na saba, kimya, elfu moja mia moja na tisa. Nane haikuwepo. Nikakuona midomo yako inaisema.

Nikarudi kwenye kadi. Safari hii nikanakili kila kitu, na zile faili ndogo nilizozidharau, folda nzima kama ilivyo. Kumbe ndizo zilizokuwa na habari za kipande gani kinafuata kipi na sauti inaanzia wapi. Nikaviunga kwanza, vikiwa bado havijaguswa, kwa programu iliyokuja na kamera yenyewe, ndipo nikageuza kile kirefu kimoja. Nikasikiliza. Sita, saba, nane, tisa. Sauti yako ilipita pale bila hata kukwaruza.

Kwa hivyo kamera haikumeza kitu. Lile neno lilikuwamo lote mpaka siku niliyoketi kitandani kwa Bi Amina nikalifuta mwenyewe mbele yake. Nilijua hivyo tangu ukiwa na miaka tisa. Nikaendelea kufanya kazi vizuri toka siku hiyo, hakuna harusi yangu iliyokatika tena, watu wakanisifu, na yule mmoja niliyemkosea sikumwambia. Nilirekebisha kazi nikadhani nimerekebisha na jambo. Kama kuna kitu kimoja ningetaka ukiangalie katika maisha yako ni hicho tu. Mimi kilinipita miaka kumi.

Na sikuwa mtu mbaya kila siku, usinidhanie hivyo. Siku nyingi nilikuwa nimesahau kabisa. Napika, nafua, napiga harusi, nacheka na watu. Kisha Bi Amina anapita njiani na kikapu, ananisalimu kwa upendo, na mimi nachoka ghafla, hata kama nimetoka kulala. Daktari aliniambia ni presha. Huenda.

Mwezi uliopita barua yako ya chuo ilipokuja, nilimtajia Bi Swafiya kwenye simu, basi tu kwa mazungumzo. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Mwana asome uuguzi Mombasa, kisha apange chumba kwa watu? Mlete kwangu. Niko peke yangu na vyumba viwili."

Nikakubali. Babako akafurahi, shangazi zako wakafurahi, wewe ukacheza. Mimi tangu siku ile sijala nikashiba. Nilikuwa nawaza utakavyokaa kwenye meza yake, anakukatia papai, anakuuliza, "Amina hajambo?" nawe kwa moyo safi unamjibu hajambo. Ningekuwa nimekutia na wewe ndani ya uongo wangu. Niliweza kuubeba mimi. Kukutwisha wewe sikuweza.

Kwa hivyo leo asubuhi, wewe ukiwa unapanga begi, nilipokwambia nakwenda dukani, nilikwenda kwa Bi Amina. Alikuwa anachagua mchele kwenye sinia.

"Bi Kanda! Karibu, keti. Mwana asafiri kesho, sio?"

"Asafiri. Nimekuya na neno, Bi Amina."

"Sema."

"Pale pa dada yako, kwenye kanda. Sikukata."

"Hukukata nini?"

"Sikukata kitu. Niliunga vibaya, sauti ikapotea. Hakukutukana. Neno lenyewe nililisikia mimi kwenye hedifoni."

Mkono wake uliendelea kuchagua mchele. "Neno gani?"

"Alisema, nakuomba radhi."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Sema yote, tangu mwanzo." Nikasema yote, na lile la kwamba ana kwa ana hawezi, na lile la "basi." Akaweka sinia chini. Akainuka, akawasha televisheni. Ile kanda anayo kwenye flashi, binti yake alimtilia. Hakuhitaji kutafuta mahali, alijua dakika yake kwa kichwa, na hapo nikajua ni mara ngapi amepatazama.

Dada yake akatokea. Midomo ikaenda kimya.

"Rudisha," akasema, ijapokuwa rimoti alikuwa nayo yeye. Akarudisha. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Mara ya tatu akaanza kusema naye, sauti yake ikijaza pale palipo patupu, "nakuomba radhi," na midomo ya Swafiya ikafumba pale pale pa kufumba na kufumbuka pale pa kufumbuka. Ilikaa sawasawa. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuitazama hivyo.

"Miaka kumi naangalia mdomo huu," akasema. "Tusi lenyewe nalijua. Nalisoma hapo hapo. Wayua lilikuwa tusi gani?"

"Siyui, Bi."

"Hata sikwambii. Ni mimi niliyelitunga." Akakaa chini sakafuni, mtu mzima yule na magoti yake. "Mato yangu yalikuwa wapi?" akasema, akiyafikicha macho.

Nililia, nikaanza kuomba radhi yangu. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Na kaimati zangu mkala."

"Tukala."

"Kila Ramadhani."

"Kila Ramadhani, Bi Amina."

Alicheka, si kicheko kizuri. Kisha akauliza unaondoka na boti ya saa ngapi, na unafikia wapi Mombasa. Nikamwambia kwa Bi Swafiya. Hakujua. Nilisikia muadhini wa adhuhuri anaanza na kumaliza.

"Tafuatana naye," akasema. "Mwambie mwanao aninunulie tiketi ya dirishani, hutapika nikikaa kati. Na wewe kesho sitaki kukuona gatini. Usije. Nikikuona taghairi, najijua. Baadaye siyui. Usiniulize baadaye."

Nikamwambia sitakuja. Nikaondoka bila kumpa mkono, maana hakunipa wake. Njiani nilitembea polepole, nikakaa mara mbili. Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Sikuwa mwepesi, mwanangu, nilikuwa nimechoka tu, ila uchovu wa mtu aliyetua mzigo ni tofauti kidogo na wa mtu aliyeubeba. Usiku huu huenda nikalala.

Kwa hivyo babako ndiye atakayekushikia begi kesho, ameomba ruhusa Ras Kitau kwa hilo. Usimkasirikie Bi Amina kwa ajili yangu, tafadhali. Amenihukumu kidogo kuliko nilivyotarajia. Kukosa kukuona unapanda boti ni adhabu ndogo ukiilinganisha na ya watu wawili waliokosana miaka kumi, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye asiyetaka. Ninaandika hivyo kwa kalamu. Moyoni sijakubali bado. Nilikuwa nimeshanunua kanga ya kujitanda kesho, ile ya zambarau, nikajiona nilivyosimama gatini nakupungia mpaka mnapotea. Nimeikunja nimekutilia begini, iko chini ya barua.

Nawe pia unanidai radhi. Nilikutumia kuhesabu bila kukwambia unahesabu nini, na nilikulisha vitu visivyo vyetu. Ukiweza, nisamehe kabla hujafika. Ukishindwa, nisamehe ukishazoea huko. Nitangoja, mimi sasa nina muda.

Sijamwambia Bi Swafiya kwamba dada yake anakuja. Bi Amina amenikataza. Nimemwambia tu aongeze sahani, mwana atakuja na mtu. Jua pia kuwa masikio yake yamepungua siku hizi, simu nazungumza naye kwa kupayuka. Bi Amina itabidi aseme kwa sauti atakalosema. Huenda mkakwama mlangoni, hawa wanawake wawili ni wagumu. Wewe gonga, Swafiya akifungua, sogea pembeni ili amwone aliye nyuma yako. Kisha ingia na begi lako, pita jikoni, teleka chai. Chelewa nayo.

Na simu yako iache ndani ya mkoba. Najua mkono utakuwasha, umelelewa na mimi. Usiwarekodi, Rahma. Usinitumie hata sauti. Mimi sistahiki kuisikia, na wao safari hii hawahitaji mtu wa kuwashikia neno. Ukitaka kunijulisha, niandikie kitu kimoja tu, kwamba chai ilinywewa au ilipoa.

Ile video yako ya kuhesabu sikuifuta. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo katika maisha yangu yote. Boti yenu ikiondoka nitakuwa hapa kwenye meza ya cherehani nimevaa hedifoni, nakusikiliza unavyohesabu tangu moja, na nane imo.

Mamako